Fimbo ya Kioko

Nimekabidhi kila kitu kwa sahihi: baisikeli moja isiyo na breki ya nyuma, faili kumi na moja, muhuri, na lile sanduku la mbao la kupimia akili za watu. Sanduku lina vipande vya picha, na anayepimwa anatakiwa avipange mpaka picha ikamilike. Mojawapo ni mzee wa koti refu anayesukuma theluji kwa sepetu. Mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza, nilimpanga yule mzee miguu juu, nikidhani ile nyeupe ni mawingu. Nyinyi mnaobaki hapo karakanani, mkilitumia sanduku hilo, kumbukeni kwamba kwa kipimo chake mtu aliyekuwa akiwatafutia wenzake kazi hakufaa kupewa kazi.

Mmewahi pia kuniuliza kwa nini dirisha la ofisi linashikiliwa na jiwe. Zamani lilishikiliwa na fimbo. Nitawaeleza ilikoenda, kwa sababu katika miaka yangu yote pale, hiyo ndiyo hadithi ambayo inaweza kuwasaidia. Habari za cheo hazitawachosha, sikuwahi kupanda hata kimoja.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Shule nilikomea Form Two. Karakana yetu ya Kwa Vonza ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta mtu wa kuzunguka vijijini, upande wa Kitui na upande wa Makueni, awaandikishe vijana wazito wa kujifunza, waletwe wafundishwe ufundi, kisha awatafutie waajiri. Tulikuja watu wanne. Watatu walikuwa na vyeti kunishinda. Mimi nilikuwa na baisikeli.

Nilikuwa na ndoto pia, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilijiona nikitembea Kitui mjini, na kila duka ninalopita, kijana wangu mmoja yuko ndani amevaa ovaroli safi, ananipungia mkono. Wiki ya kwanza nilichagua hata rangi ya hizo ovaroli. Buluu.

Aliyenipokea ni Mwalimu Kavata, mkuu wa karakana, mama mwembamba aliyefundisha kusokota kamba za mkonge. Alikuwa akikusikiliza huku anasokota, na ukisema upuuzi hakukukatiza, ila mikono ilisimama. Alinikabidhi fomu zenye nakala tatu na karatasi za kaboni, akaniambia nisizikunje. Halafu akasema, "Mutinda, wenye maduka watakuambia 'tutakuita.' Ukisikia hivyo, usikae karibu na simu." Ofisi haikuwa na simu.

Alisema kweli. Miezi ile ya kwanza niligonga milango mpaka nikajua mbwa wa kila mtu. Mwenye duka mmoja Zombe alitaka mtu wa kufagia, lakini awe na cheti cha darasa la saba. Nikamuuliza cheti kitashika ufagio upande gani. Akasema atatuita. Mwingine aliniuliza kama hawa vijana wangu wanaambukiza. Mwingine, mtu wa kanisa, alimwombea kijana wangu pale pale kaunta, kwa sauti, mikono kichwani, dakika kumi nzima. Kisha akasema amina na kwamba nafasi haipo.

Wakati huohuo wafadhili walikuwa wakiuliza waliopata kazi ni wangapi. Tulikuwa na daftari lake, kubwa, jalada jekundu, na ndani lilikuwa jipya kabisa.

Sasa ndipo nilipokutana na Kioko.

Nyumbani kwao ni upande wa Makueni, kwenye vilima, ng'ambo ya Mto Athi, nusu siku kwa baisikeli kama mnyororo hautoki. Nilifika asubuhi nikamkuta mama yake, Mwongeli, mjane mwenye nyonga mbovu, amekaa kwenye kigoda akipura mbaazi. Nikamwamkia mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, nikamuuliza mwanawe yuko wapi. Akanionyesha mlimani kwa kidole.

Kule juu kulikuwa na mwethya. Kwa mgeni nitasema tu kwamba ni kundi la majirani, wengi wao wanawake, wanaolima kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Siku hiyo walikuwa wakichimba mitaro ya kuzuia udongo, ile ya kutupa udongo upande wa juu, jembe likishuka kwa wimbo. Katikati yao alikuwa kijana mmoja wa miaka kama ishirini na sita, shati limelowa mgongoni. Alichimba, akasimama, akachomeka fimbo ndani ya mtaro. Fimbo ilikuwa na alama iliyokatwa kwa kisu. Alipoona ukingo wa mtaro umefika kwenye alama, akasogea hatua moja, akaanza tena. Nikasimama pale nikiangalia. Hakuruka hatua wala hakuangalia wengine.

Niliposhuka nilitoa fomu. Swali la tatu lilisema: Je, mhusika ana kazi?

"Mwaitu," nikamuuliza, "Kioko anafanya kazi?"

Mwongeli akaacha kupura akanitazama. "Si umetoka huko juu? Ulimwona akifanya nini?"

Nikamweleza kwamba fomu inaposema kazi inamaanisha mtu ana mwajiri, ana karatasi. Akasema kama ni hivyo basi yeye pia hajawahi kufanya kazi tangu azaliwe, niandike ninavyotaka. Nikaandika: Hapana. Nakala tatu.

Nilimshawishi kwa siku mbili. Nilimweleza ovaroli. Nilimweleza kwamba mwethya haimnunulii Kioko viatu wala dawa, na hapo sikudanganya, hata leo nasema vivyo hivyo. Mwongeli alisikiliza, akauliza swali moja tu, kwamba akienda Kioko, jembe la nyumba hii litashikwa na nani. Nikasema Mungu atafungua njia. Nilikuwa kijana. Mtu ambaye hajui jibu humsukumia Mungu faili.

Kioko alikuja Kwa Vonza na nguo zake kwenye kiondo na fimbo yake mkononi. Mama yake ndiye aliyeikata, miaka mingi nyuma, baada ya kuona kwamba mwanawe akiambiwa "chimba" anachimba mpaka aanguke, na akiambiwa "chimba kidogo" hajui kidogo ni nini. Fimbo ilimwambia. Miezi mitatu alisokota kamba, si vizuri sana wala si vibaya, na kila jioni aliiegemeza fimbo kando ya kitanda.

Kisha nikampatia kazi. Kazi ya kweli, yenye mwajiri na karatasi. Mzee Kariuki, mtu wa Murang'a aliyehamia Mwingi zamani na kufungua hoteli kando ya barabara ya Garissa, alikuwa na mapipa mawili ya maji nyuma ya jikoni na mlima wa sahani. Wateja wake ni madereva wa malori na wachuuzi wa mbuzi, watu wasiosubiri. Alikuwa mtu mwema. Hakuomba cheti wala hakutuombea. Alisema tu, "Lete kijana, tuone."

Asubuhi ya kuondoka Kioko alitoka na fimbo yake. Nikamwambia aiache, huko mjini watu hawapimi kazi kwa fimbo, watamcheka. Akaigeuza mkononi mara moja, akanipa. Nikaitumia kushikilia dirisha. Mwalimu Kavata aliona. Mikono yake ilisimama kwenye mkonge, kisha ikaendelea. Wakati huo nilikuwa bado sijajifunza kuisoma.

Niliandika jina la Kioko kwenye daftari jekundu kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Picha yake ikapigwa, ovaroli ya buluu, ikabandikwa ukutani. Wafadhili waliandika barua ya kutupongeza, na kwa wiki tano mimi nilitembea kama mtu aliyevumbua mvua.

Wiki ya sita nikaitwa Mwingi. Nilifika saa saba, wakati wa chakula. Hoteli ilikuwa imejaa, na dereva mmoja wa lori alikuwa akila wali kwenye kifuniko cha sufuria. Mwingine alikuwa na ndengu ndani ya kikombe cha chai. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Mzee Kariuki alinivuta pembeni. "Bwana Mutinda," akasema, "huyu kijana wako ni mzuri. Sahani zinang'aa, hata mke wangu hawezi hivyo. Lakini akishaziosha hataki tuzitumie kulia."

Nyuma ya jikoni nilimkuta Kioko amesimama mbele ya rafu, mikono ameitanua kidogo, sahani zote zimepangwa nyuma yake safi kabisa. Nikamuuliza kuna nini.

"Zimeisha," akasema.

Nikamwambia ni vizuri zimeisha, sasa tuwape watu wale.

"Zimeisha," akarudia. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Ndipo Mzee Kariuki akaniambia kwamba wiki za kwanza alikuwa akiosha tu bila kusimama, maana kila akimaliza, zinarudi. Asipoambiwa "kula" hakula, na wapishi walisahau kumwambia. Mwisho akapata njia yake mwenyewe ya kuimaliza ile kazi, akazuia wateja.

Jamani, mimi nimeosha vyombo tangu utotoni, na sijawahi kufikiri kwamba ni kazi isiyo na mwisho. Mtaro ukichimbwa leo, kesho uko pale pale, umechimbwa. Sahani ni uongo wa kila siku. Kioko ndiye mtu wa kwanza hapo Mwingi kukasirika kwa haki.

Mzee Kariuki alimpa mfuko wa sukari ampelekee mama yake, akamshika mkono kwa heshima, tukapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga nitakachoandika kwenye daftari. Nilifikiri hilo ndilo tatizo.

Tulipofika kwao nilikuta tatizo lenyewe. Mwongeli alikuwa kitandani. Nyumba ambayo haileti jembe, mwethya haiendi kwake, na hiyo sheria haina ubaya, bila hiyo hakuna mwethya. Kioko alipoondoka, mama yake alijaribu kwenda mwenyewe na nyonga yake. Alienda mara mbili. Ya tatu alibebwa. Baada ya hapo nyumba ikarukwa. Na shamba lao liko kwenye mteremko, mitaro ya zamani ilikuwa imebomoka msimu uliopita, na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima kila alasiri. Mvua ikija kabla ya mitaro kuchimbwa, udongo na mbegu vitashuka hadi Athi, na nyumba hiyo itakula nini mwaka huo halikuwa swali la kwenye fomu.

Kwa daftari letu, mambo yalikuwa hivi: Kioko alipokuwa akiishikilia nyumba yao isianguke, hakuwa na kazi. Alipokuwa Mwingi akigombania sahani huku mama yake analala na njaa, alikuwa na kazi.

Nilimwendea Mama Nduku, mwenyekiti wa mwethya, mama mkubwa wa mwili mwenye sauti ya kwaya. Nilimkuta shambani na wenzake wakipumzika, wanakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Nikajieleza. Nikaomba waende kwa Mwongeli kabla ya mvua, kwa huruma.

Akatafuna mpaka akamaliza. "Huruma tunayo," akasema, "siku ndizo hatuna. Nyumba hiyo ina siku nane nyuma. Kioko akirudi leo, atachimba za kwake za sasa. Hizo nane nani alizichukua?"

"Ni mimi," nikasema.

"Basi zilete."

Nikamwambia ningependa sana, lakini mimi ni mwajiriwa, nina kazi.

"Kazi gani, mwana wa fomu?"

"Kutafutia watu kazi."

Wanawake wakatazamana. Mama Nduku akachukua jembe lililokuwa karibu naye akanielekezea mpini. "Si hii hapa," akasema. "Umepata."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nililichukua lile jembe.

Lakini Kioko hakuchimba. Alisimama kwenye mstari wake ameshika jembe, anaangalia chini, anaangalia mkono wake wa pili uliokuwa mtupu. Wanawake wakamwimbia, wapi. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa niliazima baisikeli ya jirani nikaondoka bila kuaga. Nilifika Kwa Vonza giza limeingia. Mwalimu Kavata alikuwa bado karakanani. Niliichomoa fimbo, dirisha likaanguka kwa kishindo.

"Nilikuwa najiuliza utaijia lini," akasema.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

Akafikiri. "Ungesikia?"

Nikasema hapana. Akaniambia kwenye daftari la zamu ataandika kwamba niko vijijini kikazi, kwa sababu huo ni ukweli, halafu akaenda nje kutafuta jiwe.

Siku nane nilichimba. Shati langu la ofisi lilikufa siku ya pili, viganja siku ya tatu. Na niwaambie jambo la aibu: nilidhani nitakuwa na msaada mkubwa, mwanamume kijana katikati ya akina mama. Kila nilipomaliza kipande changu na kunyoosha mgongo, Kioko alikuja nyuma yangu, akachomeka fimbo, akainama kutazama alama.

"Bado," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama vile mtu anavyokuambia kamba ya kiatu imefunguka. Nikachimba tena, akachomeka tena. "Bado." Wanawake waliigeuza ikawa kiitikio cha wimbo, na mpaka leo nikipita vilima vile kuna bibi mmoja ananisalimia kwa neno hilo.

Siku ya tisa mwethya ilienda kwa Mwongeli. Walikuja wote, na majembe, na sufuria ya uji. Mwongeli alitolewa kigoda nje akaketi, akaelekeza kwa mkono pale mitaro ya marehemu mumewe ilipopita. Kioko alikuwa mbele, anapima. Walimaliza jua likiwa bado juu. Siku tatu baadaye mvua ikanyesha, ile ya vuli isiyobisha hodi. Asubuhi mitaro yote ilikuwa imejaa maji na imesimama, isipokuwa kipande kimoja kilichopasuka pembeni. Sitasema kilichimbwa na nani.

Niliporudi ofisini nilifungua daftari jekundu nikakata jina la Kioko, nikaandika: Hana kazi. Picha ikashushwa. Wafadhili waliandika kuuliza kilichotokea, nikawajibu kwa ukurasa mzima, na sidhani walifika mwisho.

Baada ya hapo nilibadilika kidogo, na hili ndilo nawaachia. Kabla ya kumtoa mtu kwao, niliuliza kwanza ni nini kitasimama akiondoka, na niliandika jibu nyuma ya fomu kwa sababu mbele hakukuwa na nafasi. Na kwa kila mwajiri niliuliza kazi hii inaisha wapi. Wengi walikasirika. Lakini msichana wangu mmoja alikaa Zombe miaka saba kwenye kinu cha unga, kwa kuwa tulipaka mstari mwekundu ndani ya debe. Anajaza hadi mstari, anafunga gunia, gunia linaondoka na halirudi. Mwenye kinu alianza kunihadithia kwamba wazo la mstari lilikuwa lake. Nikamwacha nalo.

Wengi sikuwapatia kitu. Nawakumbuka zaidi hao kuliko yule wa Zombe. Kuna waliokaa kwenye vigoda vya nyuma ya nyumba miaka kumi wakingojea "tutakuita" yangu mimi, maana na mimi nilijifunza kuisema.

Halafu mwaka huu ikaja barua. Kitengo cha kutafutia watu kazi kimeonekana hakihitajiki, kwa hiyo nimestaafishwa mapema kwa shukrani. Nina miaka thelathini na sita. Barua ilikuwa na nakala tatu.

Wiki iliyopita nilienda Makueni kuwaaga. Mwongeli amezeeka sana, lakini masikio ni yaleyale. Kioko ana mvi mbili tatu kwenye kidevu, na alikuwa akizibua mtaro wa chini ya nyumba. Nikaketi ukingoni nikamwambia sitakuja tena na fomu, kazi yangu imeisha.

Akasimamisha jembe. "Huna kazi?"

"Sina."

Kutoka mlangoni Mwongeli akakohoa kile kicheko chake. "Mwandike," akamwambia mwanawe. "Nakala tatu."

Kioko hakucheka. Alinitazama kwa huruma kubwa, huruma ambayo mimi miaka yote nilidhani ndiyo ya kwangu kumpa yeye. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe la pili, akanionyesha pa kuanzia. Nikavua koti. Nilichimba vizuri, nawaambia, nikijua nimejifunza, mpaka jasho likaingia machoni. Nilipomaliza kipande changu nikanyoosha mgongo, nikasogea pembeni nimpishe.

Akachomeka fimbo. Akainama.

"Bado," akasema.